Huyu Churchill Siye Yule

Mwalimu mmoja wa sekondari ameniuliza hivi: "Ninaandaa kijitabu cha wasifu mfupi wa watu mashuhuri kwa ajili ya wanafunzi wangu. Kwenye ukurasa wa Winston Churchill niliandika kwamba kabla ya kuwa waziri mkuu wa Uingereza alitunga riwaya iliyouzwa sana Marekani mwaka 1899, iitwayo Richard Carvel. Mwenzangu akaniambia kitabu hicho ni cha mtu mwingine mwenye jina hilohilo. Nimechunguza, ni kweli. Sasa nina wasiwasi na kurasa zangu zote. Mtu akikuta habari mbili chini ya jina moja, atajuaje kama ni za mtu mmoja au wawili?"

Mwalimu, nitaanza na huyo Churchill, kwa sababu umeangukia kisa kigumu kuliko karibu vyote nilivyowahi kushughulikia katika kazi yangu ya ukutubi. Ukikielewa hicho, vingine vitakuwa vyepesi.

Walikuwa wawili kweli. Mmarekani alizaliwa St. Louis, jimbo la Missouri, Novemba 1871. Mwingereza alizaliwa Novemba 1874. Mmoja alihitimu chuo cha jeshi la majini la Marekani mwaka 1894. Mwingine alipitia chuo cha kijeshi cha Sandhurst karibu wakati huohuo. Mmarekani aliishi kwa kuandika riwaya, na Mwingereza naye alitunga riwaya moja, Savrola, iliyoanza kutoka jaridani mwaka 1899, mwaka uleule wa Richard Carvel. Mwingereza aliingia bungeni mwaka 1900. Mmarekani alichaguliwa katika bunge la jimbo la New Hampshire mwaka 1902 na tena 1904, kisha mwaka 1906 akatafuta nafasi ya kugombea ugavana, asifanikiwe. Hata uchoraji waliupenda wote wawili. Sasa niambie, mtu anayesoma kwamba "Winston Churchill, mwandishi, mwanasiasa, aliyepitia mafunzo ya kijeshi na aliyependa kuchora" alifanya jambo fulani, atajua ni yupi?

Wao wenyewe waliliona tatizo. Mwaka 1899 aliyekuwa maarufu ni Mmarekani. Mwingereza alikuwa kijana wa miaka 24 anayetafuta jina. Juni mwaka huo Mwingereza alimwandikia mwenzake barua ya heshima, akaeleza kwamba majina yao yatawachanganya wasomaji, na akaahidi kwamba kuanzia hapo maandishi yake atayatia saini "Winston Spencer Churchill". Mmarekani alimjibu kwa heshima ileile kwamba hakuwa na jina la katikati. Angekuwa nalo, naye angeliongeza. Desemba 1900 walikutana ana kwa ana mjini Boston. Ndiyo maana hadi leo majalada ya vitabu vya waziri mkuu yule yanabeba herufi S katikati ya jina. Ile S ni mpaka uliowekwa na watu wawili waliojali wasomaji wao, na ungeitazama ingekuokoa: jalada la Richard Carvel halina S.

Hapo ndipo jibu langu linapoanzia. Kinachomtambulisha mtu ni mambo manne yanayokaa kando ya jina: alizaliwa na kufa lini, aliishi wapi na wakati gani, alihusiana na nani, na alitia saini vipi. Jina hukufikisha mlangoni tu. Utaona kazi yake sikuitaja, na sikuisahau. Watu wengi huangalia kazi kwanza: "huyu ni mwandishi, na huyu ni mwandishi, basi ni yuleyule." Kazi ni ushahidi dhaifu. Wajina wengi hufanya kazi moja, tena wakati mwingine jina lenyewe ndilo lililowavuta huko, hasa baba na mwana.

Kinachofaa zaidi ni kuchora mstari wa maisha. Chukua karatasi, andika miaka kushuka chini, na kila habari unayoipata iweke kwenye mwaka wake pamoja na mahali pake. Usiandike habari isiyo na mwaka. Iweke pembeni isubiri. Ukimaliza, tafuta mahali ambapo mtu mmoja angelazimika kuwa kwingi kwa wakati mmoja. Kwa Churchill wako, mwaka 1906 ungekupigia kelele: huku mtu anatafuta ugavana New Hampshire, huku mtu ni naibu waziri wa makoloni katika serikali ya Uingereza, yule ambaye mwaka uliofuata alisafiri kutoka Mombasa kwenda Uganda. Hakuna binadamu aliyefanya yote mawili.

Niliwahi kukuta katika katalogi ya maktaba moja riwaya za Elizabeth Taylor zimewekwa chini ya miaka 1932 hadi 2011. Miaka hiyo ni ya mwigizaji wa filamu. Mwandishi wa riwaya zile alikuwa Mwingereza, alizaliwa 1912 akafa 1975, na Taylor ni jina alilolipata kwa mume. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1945. Yeyote ambaye angeweka mwaka huo kwenye mstari wa maisha wa mwigizaji angeona kwamba wakati huo alikuwa binti wa miaka 13 hivi, aliyekuwa akifanya filamu. Hesabu ya kutoa tu, ya darasa la tatu, ingetosha. Nilisikitika kwa ajili ya yule mwandishi. Alitunga kwa miaka 30, kisha akaandikiwa maisha ya mwingine.

Kuna makosa mawili katika jambo hili, na hayalingani uzito. La kwanza ni kuwaunganisha watu wawili wakawa mmoja. La pili ni kumgawa mtu mmoja akawa wawili, kama mtu asiyejua kwamba Lewis Carroll wa hadithi za watoto na Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Oxford, ni mtu mmoja. Kosa la pili hurekebishwa kwa mstari mmoja: "tazama pia". La kwanza ni kama maji ya mitungi miwili uliyoyamimina kwenye beseni moja. Kila habari imeshapoteza alama ya ilikotoka, na anayekuja baada yako hawezi kujua lipi lilikuwa la nani mpaka aanze upya kabisa. Kwa hiyo, mwalimu, ukiwa na shaka waache wawili. Huu ndio msimamo wangu katika kazi hii na sijawahi kuujutia.

Nikuoneshe beseni hilo linaweza kudumu muda gani.

Katika Matendo ya Mitume 17:34 anatajwa Dionisio Mwareopago, mtu wa Athene aliyeamini aliposikia mahubiri ya Paulo. Hiyo ni karne ya 1. Karne ya 3 kulikuwa na Dionisio mwingine, askofu wa Paris aliyeuawa kwa imani yake, ambaye Wafaransa humwita Denis. Kisha mwanzoni mwa karne ya 6 yakajitokeza maandishi ya kina ya teolojia kwa Kigiriki yenye jina la Dionisio, na mwandishi wake akajionesha kana kwamba ndiye yule wa Athene. Watu watatu, karne tatu tofauti. Katika karne ya 9, Hilduin, mkuu wa monasteri ya Saint-Denis karibu na Paris, aliandika maisha ya mtakatifu wake na kuwafanya wote watatu mtu mmoja: aliongoka Athene, akaandika vitabu vile, akaja Paris, akafa shahidi. Monasteri ikapata mwanzilishi aliyesikia sauti ya Paulo mwenyewe, na maandishi yakapata heshima ya karibu na Maandiko Matakatifu.

Karibu mwaka 1121, Petro Abelard, aliyekuwa mtawa humohumo, alionesha kifungu cha mwanahistoria Beda kilichosema Dionisio Mwareopago alikuwa askofu wa Korintho, si Athene. Kwa hakika Beda naye alikuwa amemchanganya na Dionisio wa nne, askofu wa Korintho wa karne ya 2! Lakini swali lenyewe la Abelard lilikuwa halali, nalo lilimletea ghadhabu ya watawa wenzake hata ikambidi akimbie. Katika karne ya 15 mwanazuoni Mwitaliano Lorenzo Valla alitilia shaka kwamba maandishi yale ni ya mtu wa wakati wa mitume. Na ni mwaka 1895 tu ambapo wataalamu wawili wa Kijerumani, Hugo Koch na Josef Stiglmayr, kila mmoja kwa njia yake, walionesha kwamba mwandishi yule alikuwa amechota kutoka kwa Proklo, mwanafalsafa aliyekufa mwaka 485. Mtu wa karne ya 1 hawezi kumnukuu mtu wa karne ya 5. Ni ule mstari wa maisha tena. Ilichukua zaidi ya miaka 1000 kuyarudisha maji mtungini, na wenye akili kubwa kabisa wa Ulaya walikuwa wamekunywa humo.

Angalia kilichoushikilia muungano ule. Kulikuwa na watu waliotaka uwe kweli. Habari inapokupendeza sana, inapomfanya mtu wako kuwa mkubwa zaidi au mwenye vipaji vingi zaidi, hapo ndipo pa kusimama na kuuliza kama si wawili. Bila shaka ulifurahi ulipoona waziri mkuu alikuwa pia mtunzi wa riwaya iliyotamba Marekani. Mimi pia ningefurahi.

Waliolichukulia jambo hili kwa uzito kabla ya makatalogi ya kisasa ni wanazuoni wa hadithi katika Uislamu. Kwao uzito wa hadithi ulitegemea mlolongo wa wapokezi, na kama katika mlolongo kuna jina lililobebwa na watu wawili, mmoja mwaminifu na mwingine dhaifu, basi kuwachanganya ni kuiharibu hukumu yote. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1071, alitunga kitabu kizima juu ya wapokezi ambao majina yao yanafanana kabisa na wao ni watu tofauti. Baadaye Ibn as-Salah, aliyefariki Damascus mwaka 1245, alieleza elimu hiyo kwa wanafunzi akitoa mfano wa Khalil bin Ahmad. Aliwahesabu sita. Wa kwanza ndiye yule mwanasarufi mashuhuri wa Basra, mwalimu wa Sibawayhi. Watu sita wenye jina moja, na majina ya baba zao nayo ni mamoja.

Ukitazama jina kamili la Kiarabu la zama hizo utaona limejengwa kwa ajili ya kazi hii hasa. Kuna jina lenyewe, kuna nasaba ya "bin fulani bin fulani", kuna "Abu fulani" au "Ummu fulani" kwa jina la mtoto, kuna nisba inayotaja mji, kabila au kazi, na kuna lakabu. Kila tabaka linapunguza idadi ya wajina. Hata hivyo tabaka zote zinaweza kugongana. Abu al-Walid Muhammad bin Ahmad bin Rushd ni jina la kadhi wa Córdoba, mwanachuoni mkubwa wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ya madhehebu ya Maliki, aliyefariki mwaka 1126. Ni jina pia la kadhi wa Córdoba, mwanafalsafa na tabibu, mfafanuzi wa Aristotle, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1126 na kufariki 1198. Jina moja, mji mmoja, cheo kimoja. Ni babu na mjukuu. Waarabu waliwatenga kwa neno moja tu: Ibn Rushd al-Jadd, yaani Babu, na Ibn Rushd al-Hafid, yaani Mjukuu. Ukikuta kitabu cha fiqhi cha "Ibn Rushd", usikimbilie kwa mwanafalsafa. Lakini usimkatae pia, maana naye aliandika fiqhi. Uliza mwaka.

Majina ya urithi ndiyo chanzo kikubwa cha mikanganyo kila mahali. Wafaransa wanao akina Dumas watatu: jenerali wa jeshi, mzaliwa wa Saint-Domingue ambayo leo ni Haiti, mwana wa mama mtumwa wa asili ya Afrika (1762–1806), mwanawe Alexandre, mtunzi wa hadithi ya wapiganaji wa mfalme ya mwaka 1844 (1802–1870), na mwana wa huyo, Alexandre pia, mwandishi wa riwaya na tamthilia (1824–1895). Hao wawili wa mwisho huitwa Dumas Baba na Dumas Mwana. Ukoo wa Bernoulli wa Uswisi ulitoa wanahisabati wengi hivi kwamba wanahistoria wameamua kuwapa namba kama wafalme: Johann wa Kwanza (1667–1748), wa Pili (1710–1790), wa Tatu (1744–1807). Namba hizo ni zetu sisi tunaosoma. Katika barua zao za zamani hutazikuta, kwa hiyo unapoona "Johann Bernoulli" katika waraka wa karne ya 18 kazi ya kumtambua bado ni yako.

Wala usidhani namba zinamaliza ubishi. Mapapa wamejitia namba kwa karne nyingi, na bado katika orodha yao hakuna Yohane wa 20, kwa sababu hesabu iliwachanganya watunza kumbukumbu wa zama za kati. Yohane wa 23 wamekuwepo wawili: Baldassarre Cossa, aliyedai upapa kuanzia 1410 hadi 1415 na ambaye Kanisa halimhesabu kuwa papa halali, na Angelo Roncalli, aliyechaguliwa 1958 na kulichukua tena jina na namba ileile.

Michezoni tatizo hili ni jipya zaidi na wanafunzi wako watalielewa upesi. Chukua mbio za marathoni za Boston. Robert Cheruiyot wa Kenya alishinda mwaka 2003, 2006, 2007 na 2008, na mwaka 2006 aliweka rekodi ya njia ile kwa saa 2:07:14. Mwaka 2010 Robert Cheruiyot alishinda kwa saa 2:05:52 na kuivunja rekodi hiyo. Ukisoma haraka utasema mtu mmoja alishinda mara 5 na kuivunja rekodi yake mwenyewe. Sivyo. Wa kwanza ni Robert Kipkoech Cheruiyot, aliyezaliwa 1978. Wa pili ni Robert Kiprono Cheruiyot, aliyezaliwa 1988. Jina la katikati, ambalo waandishi wa habari hupenda kulikata ili kuokoa nafasi, ndilo lililobeba utambulisho wote. Na ni majina yenye maana: Kipkoech ni aliyezaliwa kunakucha, Kiprono ni aliyezaliwa jioni mbuzi wanaporudi zizini. Kulikata jina la katikati la mtu wa aina hiyo ni kutupa taarifa.

Chama cha gofu ya wanawake wa kulipwa cha Korea Kusini kimechagua njia ya wazi. Kwa kuwa majina ya ukoo ya huko ni machache na watu ni wengi, mchezaji anayejiunga akikuta jina lake limeshachukuliwa hupewa namba. Ndiyo sababu bingwa wa mashindano ya wazi ya wanawake ya Marekani mwaka 2019 anaandikwa Jeongeun Lee6. Alikuwa wa sita. Wengine wangeona namba ile ni kudhalilishwa. Mimi naiona ni heshima, kwa sababu hakuna anayeweza kumnyang'anya ushindi wake kwa bahati mbaya.

Brazil nayo ina mtego unaowanasa hata waandishi wazoefu. Katika Kombe la Dunia la 1994 kijana Ronaldo Nazário aliitwa Ronaldinho, "Ronaldo mdogo", kwa sababu kikosini alikuwemo beki mkubwa kwake aliyeitwa Ronaldão, "Ronaldo mkubwa". Olimpiki ya Atlanta 1996 alikuwemo beki mwingine, Ronaldo Guiaro, na jezi ya Nazário ikaandikwa Ronaldinho tena. Mwaka 1999 akaingia timu ya taifa Ronaldo de Assis, ambaye ndiye Ronaldinho tunayemfahamu leo, na kwanza aliongezewa Gaúcho ili atofautishwe. Kwa hiyo ukisoma gazeti la 1996 lililoandika "Ronaldinho amefunga", huyo si Ronaldinho unayemfikiria. Funzo la hapa ni la pekee: jina linaweza kuhama kutoka mtu hadi mtu, na chanzo cha zamani lazima kisomwe kwa majina ya siku zake.

Kuna taaluma zilizoamua kuzuia tatizo badala ya kulitibu. Chama cha waigizaji wa filamu cha Marekani hakikuruhusu wanachama wawili kutumia jina moja la kazi. Michael Fox wa Kanada alipojiandikisha alikuta Michael Fox mwingine yupo, akaweka J katikati, ingawa jina lake halisi la katikati ni Andrew. Michael Keaton alizaliwa Michael Douglas, jina ambalo lilikuwa na wenyewe. Stewart Granger alizaliwa James Stewart. Huku ni kutatua mkanganyiko mmoja na kuzaa mwingine, kwa kuwa sasa mtafiti akikuta cheti cha kuzaliwa cha Michael Douglas lazima ajue kuna wawili wanaoweza kukidai. Lakini kwa mtazamaji wa filamu utaratibu ule umefanya kazi vizuri.

Jambo moja ambalo walimu wengi hawalifikirii ni mfumo wa herufi. Majina mawili yanaweza kuwa tofauti kabisa kwa maandishi yao na yakafanana yakihamishiwa katika herufi zetu. Li Yu ni mfalme wa mwisho wa dola ya Tang ya Kusini, mshairi, aliyekufa mwaka 978. Li Yu ni mwandishi wa tamthilia aliyekufa mwaka 1680. Kwa Mchina herufi ya pili ya majina hayo ni tofauti na hata matamshi yanatofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Sisi tunaosoma kwa herufi za Kilatini ndio tuliowafanya wajina. Unapoandika juu ya watu wa China, Korea, nchi za Kiarabu au Urusi, kumbuka kwamba mfanano unaouona huenda ni kazi ya mtafsiri tu.

Kwa ajili hiyo wakutubi na watafiti wameishia kwenye namba zisizo na lugha. Mtafiti wa sayansi anaweza kujiandikisha ORCID, mfumo ulioanza mwaka 2012, akapata namba ya tarakimu 16 inayomfuata hata akibadili jina. ISNI hufanya hivyohivyo kwa waandishi, wanamuziki na wasanii, na VIAF hukusanya mahali pamoja kumbukumbu za majina za maktaba kubwa za mataifa mengi. Kwa kijitabu chako VIAF ndiyo nitakayokushauri. Inafunguliwa bure kwenye intaneti, unaandika jina, na inakuonesha watu wangapi wanalo na vitabu vya kila mmoja. Ukikuta wawili, dakika 5 zimekuokoa.

Kuhusu kutafuta kwa kawaida mtandaoni, nikuonye kwa moyo wote. Mashine hulinganisha herufi, kisha humweka mbele aliye maarufu zaidi. Michael Jordan wa mpira wa kikapu, aliyezaliwa 1963, humfunika Michael Jordan profesa wa Berkeley, aliyezaliwa 1956, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa mashine zinazojifunza, ambaye hutumia herufi I katikati. Na wote wawili wanagombea nafasi na mwigizaji Michael B. Jordan. Aliye mdogo kwa umaarufu humezwa, na picha ndizo zinazodanganya kuliko maneno. Usiweke picha kitabuni mpaka uione katika chanzo kinachotaja mwaka ilipopigwa na tukio lenyewe. Tena usiridhike kwamba kurasa 10 zinasema jambo moja. Kurasa 10 zilizonakili kosa moja ni chanzo kimoja.

Na kama mtu unayemwandikia yu hai, ongeza uangalifu mara mbili. Mwaka 2004 seneta wa Marekani Edward Kennedy alieleza hadharani jinsi alivyozuiwa kwenye viwanja vya ndege mara kadhaa kwa sababu jina "T. Kennedy" lilikuwa kwenye orodha ya watu wanaoshukiwa. Yeye alikuwa seneta anayejulikana nchi nzima na bado ilimchukua wiki kadhaa kujisafisha. Wajina wake wasio na cheo wangepata taabu gani? Kwa hiyo habari ya kesi, deni au aibu usiiweke chini ya jina la mtu aliye hai mpaka mambo mawili yasiyotegemeana, mbali na jina, yamethibitisha kwamba ni yeye.

Sasa turudi kwenye kijitabu. Pitia upya, lakini si kurasa zote kwa uzito mmoja. Anza na wale wenye majina ya kawaida, wale wenye baba au mwana maarufu, na wale ambao orodha ya mafanikio yao inakushangaza kwa upana. Kila ukurasa uanze na jina kamili, miaka ya kuzaliwa na kufa, na mahali. Ukimjua wajina wake, mtaje papo hapo kwa mstari mmoja. Mwanafunzi akiuona mstari huo hatadanganywa tena na mtu mwingine. Ukurasa wako wa Churchill ningeuandika hivi, na utaona unahitaji mistari mitatu, si miwili.

Churchill, Winston (1871–1947). Mwandishi wa riwaya wa Marekani, mzaliwa wa St. Louis, mwandishi wa Richard Carvel, mbunge wa jimbo la New Hampshire. Hakuwa na jina la katikati.

Churchill, Winston Spencer (1874–1965). Mwanasiasa na mwandishi wa Uingereza. Waziri mkuu 1940–1945 na 1951–1955. Tuzo ya Nobel ya Fasihi 1953. Alitia saini vitabu vyake kwa herufi S ili asichanganywe na aliyetangulia.

Churchill, Winston (1940–2010). Mwandishi wa habari na mbunge wa Uingereza 1970–1997. Mjukuu wa waziri mkuu. Alizaliwa mwaka ambao babu yake alishika uwaziri mkuu kwa mara ya kwanza.